Kiwanja kilichokuwa jaa kati ya nyumba za maendeleo Kikwajuni: tuanze na miti au na mboga?

Mkaazi wa Bondeni

Assalamu alaykum. Naandika kwa niaba ya wakaazi wa nyumba za maendeleo, yaani magorofa yaliyojengwa na serikali, hapa Kikwajuni, mjini Zanzibar. Nyuma ya nyumba zetu pana kiwanja ambacho kwa muda mrefu kilikuwa jaa. Taka zimeshazolewa, lakini sote tunajua kwamba kikiachwa wazi hadi masika yaanze kitarudi kuwa jaa, kwa sababu mahali pasipo na mwenyewe kila mtu huona ana haki ya kutupa.

Tatizo ni kwamba tumegawika. Akinamama wengi wanataka matuta ya mchicha, bamia na tungule, maana bei ya mboga hupanda kila Ramadhani ikikaribia. Wazee wanataka miti ya kivuli na mabaraza ya kukalia jioni, nao vijana wanahofia kwamba wadogo zao watakosa pa kuchezea mpira. Udongo wenyewe ni mchanga uliochanganyika na kifusi cha ukuta wa zamani. Mipapai iliyojiotea pembezoni ina majani machanga ya njano, yaliyobakia kijani kwenye mishipa tu. Maji ya mfereji, yaani ya bomba, nayo huja kwa zamu. Naomba wenye uzoefu watueleze tuanze na lipi, na maji tuyapate wapi.

Fundi wa Kitalu

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Kabla ya kuchagua baina ya miti na mboga, tazameni hiyo mipapai, kwani imeshawaeleza hali ya udongo wenu. Jani changa likiwa njano na mishipa yake ikabakia kijani, aghlabu mmea umekosa madini ya chuma, na hapa mjini kwetu sababu ya kawaida ni chokaa. Kuta zetu za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo uliochanganywa na chokaa, kwa hiyo kifusi chake kinaposagika huzidisha chokaa ndani ya ardhi. Madini ya chuma yanaweza kuwamo tele na mizizi ikashindwa kuyafyonza. Kwa sababu hiyo nakuombeni msimwage majivu ya jikoni kwenye matuta, ingawa wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba majivu ni mbolea popote pale: majivu huzidisha hali ileile mnayotaka kuipunguza.

Kwa mboga, msihangaike kuutengeneza udongo wa kiwanja kizima. Okoteni mawe makubwa ya kifusi, yapangeni yawe kingo za matuta yaliyoinuka kiasi cha goti, kisha jazeni udongo mwekundu wa shamba uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza miche, na hujulikana kwa joto lake: ukitia mkono katikati ya lundo ukahisi vuguvugu, iacheni iendelee kuoza. Juu ya tuta tandazeni makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, upande wa nyuzi ukielekea chini. Makumbi hushika unyevu, na katika jua la kaskazi tuta lililofunikwa humwagiliwa mara chache kuliko lililo wazi. Machicha ya nazi nayo yanafaa kwa mboji, ila yafukieni ndani kabisa, la sivyo mtawaalika panya wa mtaa mzima.

Jambo moja sitaki mlipuuze. Mahali palipokuwa pakichomwa taka pasipandwe mboga za majani hata kama pamestawi nyasi. Betri, rangi na vyuma vilivyoungua huacha madini ya risasi ardhini, nayo hayaozi wala hayaondoki kwa mvua, na wanaodhurika zaidi ni watoto. Hapo pawekeni miti ya kivuli au mabaraza ya wazee, na ardhi ifunikwe kwa nyasi ili vumbi lisipeperuke.

Bi Mkubwa wa Kilimani

Mwanangu, aliyosema fundi kuhusu udongo ni sawa, lakini mimi ningeanza kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani, kabla ya kutia jembe. Tangu Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na Sheria ya ardhi Namba 12 ya 1992 imeiweka chini ya dhamana ya Rais. Kinachotolewa kwa mtu au kikundi ni haki ya kuitumia. Kiwanja kilicho kati ya nyumba za maendeleo si mali ya mwenye dirisha linalokitazama. Andikeni barua, ipitie kwa sheha, ifike Baraza la Manispaa, na muulize kabisa kama kuna mtaro au bomba lililopangwa kupita hapo. Nimewahi kuona bustani nzuri mno ikifukuliwa kwa siku moja kwa sababu bomba la maji machafu lilikuwa chini yake na hakuna aliyeuliza. Miti ya mikungu ilikuwa imeshatoa kivuli. Inauma.

Kuhusu mpira, msiwanyang'anye watoto uwanja. Bustani inayozaliwa kwa kuwafukuza watoto haidumu, kwa sababu wao ndio wanaoshinda hapo mchana kutwa na ndio watakaoilinda au kuivunja. Acheni katikati wazi, matuta yakae upande unaopata jua la asubuhi, na miti ipandwe pembezoni. Kila tuta liwe na watu wake wanaojulikana kwa majina, maana tuta la wote hulimwa kwa shauku wiki ya mwanzo kisha likaachiwa bibi mmoja mwenye huruma. Na wekeni uzio wa miti mapema, kwani mbuzi wa mjini hawangoji mboga zikomae.

Mkaazi wa Bondeni

Nawashukuru sana. Barua tutaiandika, na sehemu iliyokuwa ikichomwa taka tunaijua, iko kwenye kona ya karibu na ngazi. Suala la maji bado linatutia wasiwasi. Kuna waliopendekeza tuteke kwenye mtaro wa mvua unaopita hapo, kwa kuwa hauna gharama.

Mpemba wa Chake

Maji ya mtaro msiyatumie kwa mboga kabisa, hasa zinazoliwa mbichi. Mitaro ya mjini hupokea maji ya makaro ya vyoo, na visiwa vyetu vimeshazika watu wengi kwa kipindupindu.

Ulizeni kamati ya msikiti ulio karibu nanyi. Maji ya udhu hayana sabuni, yanamwagika mara tano kila siku, na Ijumaa ni mengi zaidi. Yakielekezwa kwa bomba hadi kwenye pipa lenye kifuniko, yatatosha matuta kadhaa. Pipa lioshwe mara kwa mara na maji yasilale muda mrefu humo, kwa ajili ya mbu. Hakuna imamu atakayewakatalia kwa jambo ambalo ni sadaka, ila heshima inataka aombwe kwanza.

Kama kuna kisima cha zamani, onjeni maji yake kiangazi, si masika. Upande wenu unakaribiana na Mnazi Mmoja, na pale palikuwa na mkono wa bahari kabla haujafukiwa. Jina la Darajani limetokana na daraja lililokuwa likiuvuka. Mahali kama hapo maji ya kisima yanaweza kuwa matamu mwezi wa Mei na kuwa ya chumvi mwezi wa Februari. Mnazi na mkungu huistahimili chumvi, lakini maharage hayaiwezi.

Huku Pemba miti tunaipanda masika yanapoanza, ili mizizi ishuke kabla ya jua. Mwarubaini uwe mbali na ukuta na karo, angalau mita 5, kwa sababu mizizi yake hufuata maji.

Fundi wa Kitalu

Naunga mkono, nikiongeza kwamba mboga ni kinyume chake: tungule msizipande masika, kwa kuwa mvua nzito huleta ukungu na huozesha miche. Otesheni miche chini ya kivuli cha makuti mwezi wa Mei, muihamishie kwenye matuta kipupwe kikiingia. Kwa hiyo swali la kwanza limejijibu: masika haya miti, Juni mboga, na barua kwa sheha wiki hii.