Kaka yangu kashikwa nchi jirani kwa tuhuma za ugaidi, serikali yetu ina wajibu gani kwake?

BintiMajengo: Asalaam aleikum. Kaka yangu, Mkenya, alivuka mpaka kwa biashara ya nguo akashikwa. Habari tulizipata kwa dereva wa basi. Wanasema ugaidi, mashtaka hatujayaona. Afisa wa ofisi moja Nairobi alipofika neno "ugaidi" kwenye barua yangu aliisukuma kando, akasema mambo ya usalama yana wenyewe. Siombi aachiliwe bila kuhojiwa. Nataka serikali yake imwone, ijue yu hai na ana wakili. Nianzie wapi?

WakiliPwani: Pole sana dada. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonsula, ibara ya 36, haubagui tuhuma. Aliyeshikwa aambiwe bila kuchelewa kwamba anaweza kutaka ubalozi wake uarifiwe, na konsula, yaani afisa wa ubalozi anayehudumia raia wake, ana haki ya kumtembelea na kumtafutia wakili. Wakikujibu "hajaomba", waulize nani kamsikia. Mtu kafungiwa, simu hana, ataombaje? Iandikie wizara ya mambo ya nje na ubalozi wetu kule: jina kamili, namba ya pasipoti, siku na mahali aliposhikwa. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, la sivyo watasema hawakuiona.

MzeeKuze: Mwanangu, usingoje. Baada ya mabomu ya Kampala, Julai 2010, Wakenya walikamatwa hapa hapa wakavushwa hadi Uganda. Septemba Mahakama Kuu Nairobi ikasema kumtoa mmoja wao namna ile ni kinyume cha sheria, na yeye keshafikishwa kule. Al-Amin Kimathi, mtetezi wa haki aliyekwenda kufuatilia kesi zao, akawekwa ndani mwaka mzima. Basi usiende peke yako, tafuta wakili wa huko huko.

Nyota_Garissa: Sisi Garissa tulizika wanafunzi waliouawa na magaidi chuoni 2015, uchungu tunaujua. Lakini Mkenya aliyeshikwa Mombasa 2007 akapelekwa Guantánamo, gereza la Marekani, alirudi Desemba 2024 bila kushtakiwa kamwe. Hilo halikumpa haki mfiwa yeyote. Jaribu pia Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, hupeleka barua za familia magerezani.

BintiMajengo: Mungu awalipe. Barua napeleka kesho. Ubalozi ukisema umeshamtembelea, naweza kudai maandishi?

WakiliPwani: Dai. Nani alikwenda, siku gani, alimkuta na hali gani, wakili wake nani. Wakikaa kimya, njoo na hizo nakala zenye muhuri tuende mahakamani.