Jamaa wa steshenari ya njia ya nyuma amenidhalilisha kwa shilingi mia moja!

Wakuu, nimeingia chumbani sasa hivi, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka. Simtaji jina. Kila aliyesoma Chuo Kikuu pale Mlimani akapita njia ile ya nyuma anamjua: miwani kichwani, redio ya mpira inaunguruma toka alfajiri, na "leta flashi, leta flashi" kama konda wa daladala. Ndiye huyo huyo.

Asaimenti mwisho wake ulikuwa saa nne kamili asubuhi. Dokta wetu hapokei kazi kwa imeili, anataka karatasi mkononi, imebanwa pini, ina jalada. Kwenye simu yangu kazi nzima pamoja na jalada ni kurasa 7. Nikaamka na mia saba yangu taslimu. Chai nimeiacha, chapati nimeipita ikiwa ya moto, ili mia saba ifike salama. Nikapanga foleni saa tatu, foleni ungedhani wanagawa unga wa bure, jua la Dar la Februari linakaanga utosi mpaka mafuta ya nywele yanachuruzika shingoni.

Zamu yangu imefika saa nne kasoro dakika kumi. Ile kompyuta yake, rika moja na babu yangu, ikafungua faili ikalivuruga. Mwandiko umebadilika wenyewe, mistari imesukumana, mstari mmoja wa marejeo ukadondokea ukurasa wa 8. Mstari mmoja wakuu! Nikamwambia, kaka, punguza maandishi kidogo, itarudi saba. Akanijibu, "Mimi siyo mwalimu wako." Akaprinti zote. "Mia nane."

Nikamwambia, kaka yangu, nina mia saba, hii mia nakuletea jioni, mimi mteja wako toka mwaka wa kwanza. Kwenye simu nilikuwa na mia tatu na hamsini, nikaomba nilipe kwa lipa namba. Akasema lipa namba kwake ni kuanzia elfu moja. Nikamwambia basi, baki na huo ukurasa wa mwisho wenye mstari mmoja, nipe saba zangu niwahi.

Hakuchomoa wa mwisho. Alichomoa JALADA. Jalada lenye majina yangu matatu, namba ya usajili na jina la kosi! Akachukua ile peni yake nene nyekundu, akaandika DENI 100, akavuta selotepu, kraaaaa, akalibandika kwenye kioo likitazama barabarani.

Ile kraaaa bado iko masikioni mwangu. Watu kama ishirini nyuma yangu, kimya, kila mmoja kainamia simu yake. Nimekimbia mpaka idarani na kazi isiyo na kichwa, jina nimeliandika kwa mkono juu ya ukurasa wa kwanza kama mtoto wa darasa la pili. Nimefika saa nne na dakika mbili. Katibu kaipokea, kaigeuza mbele, kaigeuza nyuma: "Jalada liko wapi?" Nijibu nini? Jalada liko kwenye kioo!

Bodi ya Mikopo inatupa laki mbili kwa mwaka za vitabu na viandikwa, na yangu nusu kaila yeye. Hajawahi kuwa na chenji hata siku moja. Ni mara ngapi ameniambia "mia yako utaikuta kesho"? Mara elfu! Je, nimewahi kulibandika jina lake popote? Hiyo selotepu tu aliyoimaliza pale inazidi mia.

Mbele za watu. Jalada. Na peni nyekundu. Nani mwingine kamfanyia hivi? Mimi nasema tumsuse, atembee na flashi zake.

Ripoti ya Fildi: Yeye huyo huyo! Mimi alinirudishia flashi ina virusi, ripoti nzima ya fildi ikageuka shotikati tupu. Nilipomrudia akaniambia ni flashi zetu ndizo zinazomwambukiza mashine.

Kipanga wa Savei: Dada, kwa mia moja umeandika uzi mrefu kuliko hiyo asaimenti yenyewe. Ungeandika hivi darasani ungekuwa na A.

Binti wa Tandika (mwanzisha uzi): Siyo mia! Ni jalada! Soma kwanza.

Kipanga wa Savei: Nimesoma. Foleni ya watu ishirini umekosa hata mmoja wa kukuazima mia? Jitafakari unavyoishi na watu.

Binti wa Tandika: Nimegeuka, wote wameangalia chini. Hata wewe ungeangalia chini, nawajua.

Mwaka wa Tatu Jioni: Nimepita hapo sasa hivi. Lipo. Kona moja upepo umeshaiinua lakini namba ya usajili inasomeka vizuri tu.

Binti wa Tandika: Nakuomba kwa jina la Mungu libandue.

Mwaka wa Tatu Jioni: Siwezi kusimama pale, nami ananidai ya kubaindi.

Babu Mlimani: Vijana, mwezi Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani walishuka barabarani kupinga wakubwa kujiongezea mishahara na marupurupu, wakafukuzwa kwa mamia. Leo wajukuu zao mnataka kumsusa mtu wa fotokopi.

Ripoti ya Fildi: Shikamoo babu. Ila nyie serikali iliwasomesha na kuwalisha. Sisi tunapewa elfu kumi kwa siku, humo ule, ulale, unawe. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Babu Mlimani: Marahaba. Na bado mngejifunza kuhesabu kurasa.

Pweza Mkavu: Afadhali nyie, mtu mnaonana naye dakika kumi mnaachana. Mimi mama mwenye nyumba wangu anagonga mlango saa kumi na moja alfajiri kuuliza nani kaacha taa ya choo. Juzi kanikuta nachemsha maji ya kuoga kwa hita, kaichomoa ndooni ikiwa bado inachemka, kaifungia kabatini kwake. LUKU ya umeme nachangia kila mwezi!

Kipanga wa Savei: Huyo mama namjua. Geti la bluu, kanga kiunoni, funguo kama za magereza?

Pweza Mkavu: NDIYE! Hita yangu umeiona?

Dirisha Wazi: Mna bahati mnagombana na watu. Leo tumbili kaingia chumbani kwetu, kakaa juu ya kitanda changu kama mwenye hosteli, kaumega mkate katikati, kala laini kaniachia maganda. Nilipomtishia na ndala akanionyesha meno yote. Mkate mzima, wakuu, nilikuwa nimeubania wa siku tatu.

Mwaka wa Tatu Jioni: Mwenye mkia uliokatika ncha?

Dirisha Wazi: Huyo huyo.

Mwaka wa Tatu Jioni: Mimi alinichukulia sabuni. Akaionja, akaitupa juu ya paa.

Binti wa Tandika: Jamani, na jalada?

Ripoti ya Fildi: Tuache hayo. Bumu, hela yetu ya Bodi, vipi, kuna aliyesaini?

Pweza Mkavu: Sisi tumesaini toka Jumatatu, mpaka leo kimya. Naishi kwa mihogo na maji ya kandoro.

Kipanga wa Savei: Orodha ya kwanza jina langu halimo. Ofisini wananiambia subiri ya pili, ya pili wananiambia uliza ya kwanza.

Dirisha Wazi: Limeingia! Simu imelia sasa hivi!

Pweza Mkavu: Benki gani?

Ripoti ya Fildi: Kwangu bado.

Binti wa Tandika: Bado lipo kwenye kioo? Kuna aliyepita jioni hii?

Kipanga wa Savei: Dirisha Wazi, usikimbie. Ni awamu nzima au wamekata?