Gauni la harusi la miaka 22 limegeuka njano, nilikate, nilitoe au nilirudishe sandukuni?

MamaLulu

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana hili jambo limenikaa kichwani wiki ya tatu sasa, kila nikisema leo naamua nashindwa. Tunahama, tunaenda nyumba ndogo kuliko hii, kwa hiyo kila kitu kinapitiwa kimoja kimoja, cha kubaki kibaki cha kutoka kitoke. Juu ya kabati kuna gauni langu la harusi, lina miaka 22. Baada ya harusi nililirudisha kwenye ule mfuko wake wa plastiki wenye zipu nikalitundika, baadae likahamia kwenye sanduku na mfuko wake hivohivo, na kusema ukweli sikuwahi kulifungua hata siku moja mpaka juzi.

Jamani. Kifuani na makwapani limekuwa njano. Mbele chini ya kiuno kuna doa la kahawia kubwa kama kiganja, na naapa siku naliweka doa hilo halikuwepo, nililikagua mwenyewe. Kwenye mkia kuna alama za kutu pale nilipoliacha na pini. Mabega yamevutika chini kwa uzito wa shanga.

Lingekuwa la kununua wala nisingewasumbua. Hili alinishonea mama yangu mzazi. Cherehani yake mwenyewe, miezi minne, usiku akishatoka kazini, mi nimesimama juu ya stuli yeye anazunguka chini na pini kazibana mdomoni huku anaongea nami hivohivo. Mama katutoka, huu ni mwaka wa sita.

Binti yangu ana miaka 19, nilimuuliza taratibu kama siku yake ikifika atalitaka, akasema mama nakupenda ila sio staili yangu. Sikumlaumu, hata mi nisingevaa la mama. Dada yangu anasema tulikate tutengeneze vitu vidogovidogo kila mtu kwenye ukoo apate kumbukumbu. Mume wangu anasema amua utakavyo, lakini namwona anavyoliangalia akipita. Mi nikishika mkasi mkono unakataa, na nikilirudisha sandukuni naona kama naliozesha kwa makusudi. Mngekuwa nyie mngefanyaje? Na hilo doa, linatoka au ndo basi tena?

Fundi_Uzi

Pole sana dada kwa mama. Mi ni fundi nguo na magauni ya harusi ndo yanayonipa kazi kuliko kitu kingine, kwa hiyo nianze na doa halafu mengine watasema wenzangu.

Uko sahihi kwamba siku ile hukuliona. Ukimwagikiwa na soda au juisi nyepesi au mvinyo mweupe, ikikauka haionekani kabisa, lakini sukari inabaki kwenye nyuzi, na ikikaa miaka na hewa inabadilika rangi pole pole mpaka inakuwa kahawia. Makwapani ni jasho na manukato. Na ule mfuko wa plastiki ndo umemalizia kazi, unafungia unyevu ndani na baadhi ya plastiki zenyewe zinavyochakaa zinatoa hewa inayogeuza kitambaa njano. Watu wengi wanadhani mfuko ule ni wa kutunzia, ni wa kubebea tu kutoka dukani mpaka nyumbani, basi.

Sasa usiloweke kitu kabla hujajua ni kitambaa gani. Chukua nyuzi mbili tatu kutoka ndani kabisa ya mshono, zishike na kibano juu ya sinki lenye maji, uwashe. Zikinuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanapondeka kwa vidole, hiyo hariri. Zikiyeyuka zikawa kadonge kagumu hiyo poliesta au nailoni. Zikinuka karatasi iliyoungua, pamba. Bitana ipime peke yake maana mara nyingi ni kitambaa kingine.

Kama ni hariri usiguse, mpelekee mtu anayefua magauni ya namna hiyo na umwonyeshe kila doa kwa kidole, umwambie hili ni la sukari, hili la kutu, usimwachie abahatishe. Kama ni poliesta au pamba unaweza kujaribu mwenyewe na ile poda ya kufulia inayotumia oksijeni, maji ya vuguvugu, uloweke masaa kadhaa, lakini anza na kipande cha ndani ya pindo uone kwanza. Dawa ya klorini ISIKARIBIE gauni hilo. Hariri inaliwa, poliesta inaweza kuzidi kuwa njano, na kutu ndo inagandia moja kwa moja. Shanga nazo ziangalie kama zimeshonwa au zimegandishwa kwa gundi, kuna gundi zinaachia kwenye dawa za drai klina na nyingine zinaachia kwenye maji. Na likiwa limelowa usilinyanyue kwa mabega, gauni lililolowa ni zito linajichana lenyewe, tandika shuka chini yake ndani ya beseni ulinyanyue na shuka lake.

Kuna atakayekwambia ulipake rangi nyingine. Poliesta haishiki rangi hizi za kawaida za nguo, inataka rangi yake maalumu na moto mkali, na hapo shanga zako kwaheri.

La mwisho kabla sijasahau. Ligeuze ndani nje, usiku mmoja ukiwa umetulia, upitie mishono yote. Fundi akimshonea mtu wa damu yake haachi ndani kama anavyoacha kwa mteja. Usikate kitu kabla hujaona ndani.

zawadi_ya_jioni

Mi ntaongea la kwangu, najua halifanani na lako. Ndoa yangu ilivunjika na gauni nikakaa nalo miaka minane, sio kwa kulipenda, nilikuwa sijui linatupwaje. Kuliuza nilijaribu, nikaona natakiwa nipige picha nzuri nieleze saizi na hali yake nijibu maswali ya mabibi harusi wenye furaha zao, nikashindwa, na pia mtindo ukishapita wanunuzi ni wachache mno tusidanganyane.

Mwishoni nilisikia kuhusu washonaji wanaojitolea, wanachukua magauni ya harusi wanayageuza vigauni vidogo vya watoto waliofariki wakizaliwa au waliozaliwa kabla ya muda wao wakaondoka. Wanapelekewa hospitali, wazazi wanampata mtoto wao kavalishwa kitu kizuri cha saizi yake, maana nguo za dukani zinawameza watoto wale. Gauni moja linatoa vigauni kadhaa, hasa likiwa na mkia. Nilimuuliza mama mmoja wao wanafungaje akaniambia nyuma wanaacha wazi kabisa, ni utepe tu wa kufunga, kwasababu mtoto yule hageuzwi geuzwi. Nililia pale pale kwenye simu na gauni nikalipeleka kesho yake asubuhi.

La kwako siwezi kukwambia ulitoe lote, mama kalishona. Lakini umesema lina mkia. Fikiria mkia tu. Ila ulizia kwanza kabla ya kupeleka, sehemu nyingine wameshajaziwa hawapokei, na wengi hawataki lenye madoa.

dada_wa_katikati

MamaLulu tafadhali sana nisome mpaka mwisho. Sisi tulikata gauni la mama. Tuko watatu, mama alikuwa ametoka kuzikwa, kila mtu ana uchungu wake, mmoja akasema tugawane na wote tukaona ndo haki. Tukatengeneza mito midogo. Satini ukiikata bila kuizuia kingo inachambuka, mto wangu ulianza kutoa nyuzi mwaka wa kwanza, ukashika vumbi, ukifuliwa unaharibika zaidi, sasa hivi uko kwenye droo na sipendi kufungua droo ile. Wa mdogo wangu sijui uko wapi na simuulizi.

Kinachoniuma sio kwamba tulikata. Ni kwamba hakuna aliyelipiga picha likiwa zima. Ya harusini ipo moja, mama kakaa, gauni linaonekana nusu. Mgongo wake siukumbuki. Nikikaa kufikiria mgongo ulikuwaje, ulikuwa na vifungo au zipu, sikumbuki, na wa kumuuliza hayupo.

Kwa hiyo chochote utakachoamua, kwanza mtu alivae. Binti yako, hata kama hatalivaa siku yake, alivae dakika kumi asimame dirishani upige picha mbele, nyuma, mikono, pindo, shanga kwa karibu. Halafu pata fundi achukue patani yake kwenye karatasi, inawezekana bila kufumua hata mshono mmoja, wanabana kwa pini wanafuatisha mistari. Ukishakuwa na patani ya mama yako, mkono wake hauko tena ndani ya kitambaa kimoja kinachozeeka. Mtu yeyote kwenye ukoo anaweza kushonewa.

Na kukata kwa ajili ya kugawana, mwambie dada yako akate kwenye mkia. Kiwiliwili msiguse.

baba_wawili

Shemeji, mume akisema "amua utakavyo" halafu anapita anaangalia, ana neno. Muulize mkiwa wawili, umshikishe gauni mkononi. Nasema kwa sababu wangu wa nyumbani alitoa lake bila kuniuliza kwa nia njema kabisa, akidhani mwanaume hajali. Nilijali.

Rehani_na_Asumini

Mi niko upande wa kusubiri. Binti ana miaka 19, asichotaka leo anaweza kukitaka akiwa na 30. Princess Beatrice wa Uingereza alipoolewa mwaka 2020 alivaa gauni la bibi yake, Malkia Elizabeth, na halikuwa hata la harusi, lilikuwa gauni la jioni la miaka ya 60, wakaliongezea mikono kwasababu lilikuwa halina. Na huyo Malkia Victoria tunayeambiwa ndo aliyefanya watu wapende gauni jeupe, aliolewa 1840, lesi yake ya harusi aliivaa tena na tena kwenye sherehe nyingine miaka mingi baadae. Yaani hawa wenye uwezo wa kushonewa jipya kila wiki hawakuona aibu kubadilisha la zamani, sembuse sisi. Kulibadilisha sio kuliharibu.

Ila naungana na dada_wa_katikati, picha kwanza.

MamaLulu

Nimerudi. Nimesoma kila neno, asanteni kutoka moyoni, na dada_wa_katikati pole mpenzi, nimekuombea.

Jana usiku nilifanya alivosema Fundi_Uzi. Nilichoma nyuzi kwanza, za nje zikawa kadonge, poliesta, bitana ni pamba. Halafu nikaligeuza. Ubavuni, kila upande, mama aliacha kitambaa ndani ya mshono kama vidole vitatu. VITATU. Aliniachia ninenepe, nizae, niweze kufumua nikalivaa tena, na hakuniambia. Pindo lote kalipiga kwa mkono, mishono midogo huwezi kuiona kwa nje, na kuna sehemu kama urefu wa mkono uzi umebadilika, sio mweupe ule, ni wa rangi ya krimu. Uzi ulimwishia usiku na maduka yamefungwa, akaendelea na aliokuwa nao. Na kwenye bitana, kiunoni, kaandika kwa penseli "mbele" na mshale. Mwandiko wake. Ile M yake ya kuegemea. Miaka 22 maneno yale yalikuwa yanalala juu ya kichwa changu sijui kama yapo.

Nilimwita binti aone. Akakaa sakafuni na gauni miguuni muda mrefu sana, akauliza bibi alijifunzia wapi kushona, nikagundua sijawahi kumsimulia. Mume wangu nilimuuliza kama alivosema baba_wawili, akasema anachokumbuka ni ile safu ya vifungo vya mgongoni, na kwamba lisitoke nyumbani. Miaka yote hii hakuwahi kulisema.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Jumamosi picha, binti ndo atalivaa. Patani inachukuliwa. Mkia unakatwa, pale penye kutu hapafai ila kilichobaki ni kikubwa kizuri, kinaenda kwa washonaji wa vile vigauni vya watoto, nimeshawapigia wamekubali. Dada yangu atapata kipande cha pindo chenye uzi wa krimu, kitakuwa kwenye fremu. Alikataa kidogo mwanzoni ila nilipomtumia picha ya ile mishono akanyamaza, baadae akaandika "nipe hicho". Kiwiliwili na sketi vinabaki vizima.

Fundi, nisaidie la mwisho, nikishaloweka nalitunzaje safari hii?

Fundi_Uzi

Nimesoma hii nikasimamisha kazi, mungu amrehemu mama.

Likauke kabisa kabisa kwanza, kivulini, limelazwa, sio kwenye henga. Halafu toa kila pini. Kama utapata ile karatasi laini isiyo na asidi jaza nayo mikono na kifua ili pasipate mkunjo mkali, ukikosa shuka la pamba jeupe lililofuliwa mara nyingi na kusuuzwa vizuri linatosha, viringisha gauni lote humo. Weka kwenye boksi, boksi liwe chumba mnacholala, sio darini kwenye joto wala sakafuni karibu na ukuta wenye unyevu. Vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu usiweke, vinaweza kuharibu shanga. Kila mwaka mara moja lifungue ukiwa na mikono safi mikavu, ulikunje tena kwa mistari tofauti na ya mwanzo, na kila ukilifungua ulitazame kwenye mwanga, doa likianza utalikuta bado dogo.

Kiunoni kwenye bitana usisugue. Penseli haitoki kwa kulowekwa, inafutika kwa kusuguliwa, kwa hiyo sehemu ile pitisha maji tu na uiache.