Joka la kwenye vitabu vya watoto mnaliitaje kwa Kiswahili?

MamaPili
Habari wadau. Shemeji kaniletea My Father's Dragon ya binti yangu wa miaka 7, ni cha Kiingereza kwa hiyo nasoma huku natafsiri papo hapo. Juzi paka alivyoanza kumsimulia Elmer, yule mtoto wa kwenye hadithi, habari za dragon nikasema joka, mama mkwe alikuwa anachambua mchele akaweka ungo chini, "mwanangu, unamsomea mtoto joka la Ufunuo saa hizi?" Na mtoto naye akagoma taa isizimwe. Wakati lenyewe ni katoto tu, kana mistari ya bluu na njano, wanyama wamekafunga kamba wanakatumia kuvukia mto kama kivuko. Nyie mnasemaje hapo?

fundi_redio
Sema dragoni yaishe. Katuni zimeshawafundisha.

BabaNuru
Dragoni mi sitaki. Ila joka nalo shida siyo Ufunuo tu, kwetu joka ni linyoka, linatambaa, wa kwangu alichora chatu kabisa. Nikawa nasema "joka lenye mabawa" mara 3 za mwanzo, baadaye joka tupu likatosha.

mwl_wa_tatu
Dada, joka lenyewe linaonekana mwishoni kabisa, utamu uko kwenye begi la Elmer. Mtoto anaenda kuokoa joka hana upanga wala nini, kabeba bigijii, rababendi, pipi za kijiti, mswaki na dawa yake. Kifaru analia pembe imekuwa ya njano, anapewa mswaki. Mamba 17 wanajipanga mtoni kila mmoja analamba pipi iliyofungwa mkiani kwa mwenzake, Elmer anapita migongoni anavuka. Yaani vitu vya dukani kwa Mangi! Darasani nilisimama hapo nikawauliza nyie mngebeba nini, mmoja akasema ndala ya bibi, hata joka litakimbia 😂 Cha mwaka 1948 hicho, na kuna viwili vya kuendelea.

MamaPili
Asanteni, nimechukua la mabawa. Tumefika kwa simba, yule manyoya yamejisokota na mama yake anakuja, akimkuta hivyo hela ya matumizi hapati, Elmer anampa kitana na riboni. Mama mkwe siku hizi anasogeza mkeka. Jana nimechoka nataka kulala ananiuliza, sasa huyo simba walimsuka twende kilioni au?