Naomba ushauri: alama za Barthel hazilingani kati yetu

Wakuu, habari za kazi. Niko kitengo cha utengamao, wagonjwa wetu wengi ni wa kiharusi, na tunatumia kipimo cha Barthel, kinachopima mgonjwa anavyojitegemea katika shughuli za kila siku, kile cha vipengele 10 chenye jumla ya alama 100. Shida ni kwamba mgonjwa yuleyule, siku ileile, mfiziotherapia anampa 65, muuguzi wa wodi anampa 45.

Nikifuatilia, pengo kubwa liko kwenye kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kipengele chenye alama hadi 15. Sisi tunaandika anachoweza akiwa mazoezini, muuguzi anaandika anachofanya kweli wodini. Kwa mwongozo, muuguzi ndiye yuko sahihi, ila kuwashawishi wenzangu, mh! Tena kuna ndugu wanaomlisha mgonjwa hata kama mkono wake unafanya kazi. Hapo tunampa 0 au 10?

Nafikiria wawili wampime mgonjwa mmoja bila kuoneshana majibu, kisha tukokotoe kapa yenye uzito (weighted kappa, kipimo cha takwimu cha jinsi wapimaji wawili wanavyokubaliana) kwa kila kipengele, maana jumla huficha tofauti. Mliowahi kufanya hivi, mlianza na mafunzo au na kusawazisha tafsiri ya vipengele? Na wagonjwa wangapi walitosha?