Dipoziti niliweka 18,000, nahama wataka kunirudishia 3,000. Hii ni haki kweli?

Mpangaji Mtopanga
Asalaam aleikum wenzangu, naomba mnisaidie maana tangu jana sijalala. Mie nimekaa nyumba moja huku Mtopanga tangu 2021, chumba na sebule, kodi 9,000 na dipoziti ya miezi miwili 18,000. Sijachelewesha kodi hata mara moja na notisi nimetoa ya mwezi mzima kwa maandishi. Sasa jana keateka kaja kukagua na karatasi mkononi, kaniandikia rangi 6,500, mfereji wa sinki 3,000, kitasa cha mlango 4,000, usafi 1,500, jumla 15,000, na hiyo 3,000 iliyobaki ati ningoje mpaka apatikane mpangaji mwengine. Rangi imebambuka sikatai, lakini ni kule chini ukuta watoa chumvi, hata nilipoingia ilikuwa ishaanza. Mfereji umeliwa na maji ya kisima. Kitasa mwanangu alivunja ufunguo ndani, hicho ni chetu. Hizo pesa ndizo nategemea kulipia kule naenda Mikindani. Kuna jirani aniambia ningekalia tu dipoziti miezi miwili ya mwisho nisilipe kodi. Funguo nakabidhi Ijumaa, nifanyeje?

Mzee wa Tudor
Waaleikum salaam dadangu, pole sana. Usitoe hizo funguo kabla hujapiga picha nyumba nzima, mchana, madirisha wazi, ukuta kwa ukuta, na video ukifungua kila mfereji na kuwasha kila taa. Halafu hilo la rangi lisikutishe. Sheria ya Ardhi ya 2012 kifungu cha 66 yasema mpangaji arudishe nyumba ilivyokuwa alipoingia, ila halazimiki kutengeneza kilichoharibika kwa uchakavu wa kawaida. Na nani Mombasa hii hajui ukuta wa pwani unavyokula rangi? Nyumba yangu mwenyewe napaka na baada ya miaka miwili yatoka maganda, na sina mpangaji wa kumlaumu. Miaka yote hiyo umekaa wewe halafu akutoze rangi mpya yote, hapana, hiyo ni gharama ya mwenye nyumba.

Kijana Kisauni
Dada mpeleke traibyuno ya kodi za nyumba, huko lazima atatapika pesa zako.

Zamani nilikuwa ejenti
@Kijana Kisauni usimpoteze njia. Hiyo traibyuno ya Rent Restriction ni ya nyumba za kuishi ambazo kodi haipiti 2,500 kwa mwezi, kiwango kiliwekwa zamani na yeye analipa 9,000. Ile nyengine ni ya maduka na biashara. Yake ni Mahakama ya Madai Madogo, inachukua madai mpaka milioni moja, waweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Sasa dada nikwambie ukweli maana nimekaa upande ule. Toa agrimenti uisome leo. Kama ulisaini kwamba ukitoka utapaka rangi, hapo una kazi ngumu zaidi. Kama haisemi hivyo, andika barua fupi, taja dipoziti uliyolipa na tarehe, sema kipi unakubali na kipi hukubali, na umuombe risiti ya kila alichokata. Keateka kuandika 4,000 kwenye karatasi si risiti, mie nimeona vitasa vikikatwa mara mbili ya bei ya duka na fundi hata hajaitwa. Kitasa tafuta fundi wako mwenyewe utie kabla ya Ijumaa. Usafi osha mwenyewe, usiwaachie nafasi. Na hiyo ya kungoja mpangaji mwengine kama haimo kwenye agrimenti usiikubali, pesa ni zako walikuwa wamekushikia tu.

Ushauri wa jirani yako uache kabisa kabisa. Ukikalia dipoziti wewe ndiye unakuwa na deni la kodi, na kwa deni la kodi mwenye nyumba anaweza kuleta okshonia mwenye leseni akabeba vitu vyako. Nimeona mtu akitolewa friji kwa hesabu kama hiyo.

Mama wa Likoni
Na kama ulipoingia uliwahi kumlalamikia kuhusu huo ukuta tafuta kwa simu, hata meseji ya WhatsApp ni ushahidi. Mie ilinisaidia hiyo hiyo, nilikuwa nimetuma picha ya dari inavuja wiki ya kwanza na walipotaka kunikata dari nikawaonyesha, wakanyamaza.

Mpangaji Mtopanga
Jamani Mungu awalipe. Agrimenti nimesoma, yasema nirudishe nyumba katika hali njema isipokuwa uchakavu wa kawaida, ya rangi haimo na ya kungoja mpangaji haimo. Na meseji nimeipata! Nilimtumia keateka picha ya ukuta wa chumbani siku ya tatu baada ya kuingia, akanijibu "tutaangalia". Kitasa fundi ametia leo, 1,800 pamoja na kazi yake, keateka amekijaribu mbele yangu akasaini. Usafi naosha kesho na dadangu. Barua nimepeleka kwa ejenti, nakala yangu wamepiga muhuri, nimewapa siku 14. Mfereji wameshaufuta wenyewe, ya rangi bado wanabishana nami.

Zamani nilikuwa ejenti
Hiyo nakala yenye muhuri piga picha umtumie mtu mwengine akuwekee. Siku 14 zikipita tuandikie hapa nikueleze vile fomu ya madai inajazwa.