Amekanyaga kitalu cha nyasi za asili mbele ya wageni, kisha akanipa kofia yake nimshikie

Mlinzi wa Uwanda (mleta uzi):

Wakuu, naandika nikiwa bado na vumbi miguuni, na hasira yangu haijapoa hata kidogo. Jina silitaji kwa sababu humu hakuna asiyemjua. Ni yule yule mwenye kofia pana, ambayo twiga wawili wangeweza kusinzia kivulini mwake na bado ikabaki nafasi ya kiboko na wanawe. Leo asubuhi ameingia hifadhini na msafara wa wageni, wapiga picha na mche mmoja wa mkaratusi uliofungwa utepe, akavuka kamba tuliyoizungusha kwenye kitalu cha nyasi za asili, akasimama katikati, akazungusha kisigino ili apate pa kujikita, kisha akatangaza: "Nyasi ni nyasi tu, ndugu zangu. Hapa tutapanda miti." Halafu akavua kofia. Kwa kitambo kidogo nilidhani ananivulia kofia kwa kazi tuliyoifanya, kumbe ananikabidhi nimshikie apate kuchimba shimo.

Kitalu kile hakikuwa na nyasi za kuokoteza. Ilikuwa ni themeda, ile nyasi ndefu inayogeuka rangi ya kutu inapokomaa, ambayo ndiyo iliyoutawala uwanda huu kabla lantana, kichaka vamizi cha kigeni, haijaumeza. Mbegu yake ina mkia mrefu wa kahawia uliojisokota. Ukiidondoshea tone la maji kiganjani, mkia huanza kujizungusha taratibu na ncha ya mbegu ikaisogelea ngozi yako kama keekee inayotafuta pa kutoboa. Ndivyo inavyojizika yenyewe ardhini mvua inaponyesha. Lakini kabla ya kufika huko ni lazima ukusanye masuke kwa mkono, ugundue kwamba sehemu kubwa ya ulichokikusanya ni mapepe, uziache zile zilizojaa zikae miezi kadhaa kwa kuwa mbegu mpya hulala usingizi mzito, kisha uzifukize, maana moshi huziamsha. Yote hayo tuliyafanya. Miche ikatoka, kila mmoja na jani lake la kwanza likiwa bado limejikunja. Juu ya miche hiyo ndipo kisigino kilipozungushwa.

Na kabla ya kitalu palikuwa na lantana. Aliyewahi kupambana nayo anajua kwamba ukiifyeka na kuacha kisiki, umeipogoa tu, nayo itarudi na matawi mengi kuliko ya mwanzo. Tuling'oa visiki na mizizi yake, tukarudi kung'oa miche iliyoota kutokana na mbegu zilizodondoshwa na ndege, na tukarudi tena mvua zilipoamsha nyingine zilizokuwa zimelala udongoni. Mtu hawezi kusimama juu ya ardhi kama hiyo na kusema nyasi ni nyasi tu, isipokuwa kama kofia imemziba masikio.

Tena mche wenyewe ni mkaratusi! Mti ambao asili yake ni Australia, unaonyonya maji bila huruma, na ambao majani yake yenye mafuta huushangilia moto. Afrika Kusini walianzisha mradi wa Working for Water mwaka 1995, wakawa wanawalipa watu waondoe mikaratusi, misonobari na miwati inayopunguza maji ya mito. Yeye anaufunga utepe. Nani wa uwanda huu atakula jani lake? Au wageni walikuja na koala wao, wale wanyama wa Australia wanaokula majani hayo, ndani ya gari?

Sina hoja ndefu. Nasema tu kwamba alisimama juu ya miche, akazungusha kisigino, na mimi nikabaki pembeni nimeshika kofia. Wapiga picha walipomaliza, aliichukua bila hata asante, akauliza kama hifadhi hii ina mahali penye kivuli. Kivuli, wakuu! Mtu anayetembea na paa kichwani!

Kisiki Hai:

Pole sana, mkuu. Nimeusoma uzi wote, pamoja na ile sehemu ya mbegu inayojizungusha, na nimebaki na swali moja. Kofia uliishika kwa mkono mmoja au kwa miwili? Kama ulitumia miwili, basi tayari wewe ni mmoja wa wasaidizi wake rasmi, na utatafutwa kwenye ziara ijayo.

Mama Mbegu:

Mwacheni kijana, ameumia. Mimi huyo bwana ninamdai la kwangu. Kuna ile miti mikavu iliyokuwa imesimama karibu na bwawa, ambayo alitazama mara moja tu akasema inaharibu mandhari, na kesho yake wakaja watu na misumeno. Ndani ya mti mmoja vigong'ota walikuwa wametoboa tundu, na baada yao bundi mdogo akahamia, kama kawaida ya matundu hayo, kwa kuwa wako ndege na popo wengi wasioweza kujitobolea wenyewe, wanaoishi kwa kupanga nyumba za wengine. Mti uliokufa ukiwa umesimama ni makazi, na ukianguka unakuwa makazi ya wadudu na kuvu. Aliuona uchafu. Nyasi ni nyasi tu, na mti mkavu ni kuni tu. Huyo ndiye bwana tuliyepewa.

Mlinzi wa Uwanda (mleta uzi):

Asante, Mama. Kisiki Hai, niliishika kwa mkono mmoja, na kwa vidole viwili tu. Tafadhali turudi kwenye kisigino. Alikizungusha mara ya pili alipokuwa akipiga picha ya mwisho, jambo ambalo sikulitaja mwanzo kwa sababu nilikuwa natetemeka.

Mgeni Mwema:

Naomba kutofautiana kwa heshima. Dunia inapata joto, na miti huhifadhi hewa ya ukaa. Je, kuna ubaya gani mtu akipanda miti katika eneo la umma lililokuwa wazi?

Mama Mbegu:

Mwanangu, "wazi" kwa macho ya nani? Uwanda wa nyasi si shamba lililosahaulika kupandwa. Sehemu kubwa ya kaboni yake imezikwa kwenye mizizi na udongo, mahali ambapo moto ukipita juu hauifikii, ilhali ile iliyomo kwenye mti ulio juu ya ardhi huweza kupanda angani mti unapowaka. Ukifunika nyasi kwa kivuli, zinakufa, na pamoja nazo wanaondoka wanyama wanaozila na ndege wanaotaga mayai chini katikati ya mashina yake. Msitu uliokatwa upandiwe miti yake ya asili, hapo nitabeba maji mimi mwenyewe. Uwanda urudishiwe nyasi zake.

Mgeni Mwema:

Nimeelewa, ingawa nadhani kofia imekuzwa kupita kiasi.

Kisiki Hai:

Kofia haikukuzwa na mtu, ilikuja ikiwa na ukubwa ule.

Mzee wa Moto:

Mnalia juu ya kitalu kimoja wakati uwanda mzima uliungua kwa ratiba ya ofisini. Kila msimu naomba kibali cha kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu kidogo chini, ili moto upite polepole, uache mabaka ambayo hayajaungua, na wanyama wadogo wapate pa kukimbilia. Kila msimu kibali kinafika wakati nyasi zimekauka kabisa na upepo umeanza. Moto wa wakati huo haupiti, unafagia. Unaua miti michanga na kuunguza visiki vyenye matundu ambavyo Mama Mbegu anavililia. Katika Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, wamekuwa wakichoma vipande vya majaribio tangu mwaka 1954, kila kimoja kwa ratiba yake na vingine bila kuchomwa kabisa, kwa sababu walielewa kwamba wakati wa moto na idadi ya marudio yake ndivyo vinavyoamua ni mimea gani itasimama. Sisi tunachoma siku ambayo mhuri umepatikana.

Na kuhusu miti, mleta uzi angemweleza bwana yule habari za Serengeti badala ya kumshikia kofia. Sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ilipoingia miaka ya 1890 iliua ng'ombe na nyumbu kwa wingi wa kutisha. Ng'ombe walipoanza kuchanjwa ugonjwa ukawaachia nyumbu pia, nao wakaongezeka kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakala nyasi ambazo zingewaka, moto ukapungua, na miti ikarudi bila mtu kuchimba shimo wala kufunga utepe.

Mlinzi wa Uwanda (mleta uzi):

Mzee, shikamoo. Ningemweleza saa ngapi, ikiwa kila nilipofungua mdomo alinigeukia na kusema "inyanyue kidogo, isiguse vumbi"? Vumbi lile lilikuwa kitalu changu.

Jembe Halilali:

Mzee wa Moto ana haki yake, ila moto wake huo huo ndio uliopita upande wa kusini na kuacha ardhi tupu, na ardhi tupu kwa gugu karoti ni mwaliko. Mbegu hazikuja na upepo, wakuu. Zilikuja na kifusi cha kutengenezea barabara ya doria, kikiwa kimechotwa mahali ambapo gugu hilo limejaa, na hakuna aliyelikagua lori. Sasa linaota kando ya barabara kwa mstari ulionyooka, mtu angedhani tumelipanda kwa kamba. Mmea mmoja unatoa maelfu ya mbegu, na anayeung'oa bila glavu anarudi nyumbani akijikuna hadi alfajiri. Mimi nimejikuna. Hilo halina picha wala utepe, ndiyo maana halina mgeni rasmi.

Mzee wa Moto:

Jembe, usinisingizie moto uliowashwa na mhuri. Kama barabara ya kuzuia moto ingefyekwa kwa wakati na watu wako, upande wa kusini usingeguswa.

Jembe Halilali:

Watu wangu walikuwa kwenye visiki, Mzee, kwa sababu kuna aliyeamua kwamba ile miti ya kigeni ya bondeni ikatwe mara moja ili ripoti ipendeze. Tulisema ichunwe gome kuzunguka shina lote, ife taratibu ikiwa imesimama, njia ambayo imewahi kujaribiwa huko Mahale dhidi ya mti vamizi wa Senna spectabilis. Ikakatwa. Sasa kila kisiki kina chipukizi za kutosha kuanzisha msitu mwingine.

Mama Mbegu:

Na watauliza mbona mradi haujaisha. Kule Wisconsin, Marekani, kwenye uwanda unaoitwa Curtis Prairie, walianza kurudisha nyasi za asili katika miaka ya 1930, na hadi leo bado wanachoma na kupambana na mimea vamizi. Hapa tunaombwa taarifa ya kukamilika baada ya msimu mmoja wa mvua, tena yenye picha za kabla na baada.

Kisiki Hai:

Picha ya baada ipo tayari. Mleta uzi yumo, upande wa kushoto, na kofia imemfunika hadi kifuani.

Mlinzi wa Uwanda (mleta uzi):

Hiyo picha imetoka wapi? Na je, mnakubaliana nami kuhusu kisigino au hamkubaliani?

Jembe Halilali:

Kisigino tumeshakisikia, mkuu. Nataka kujua ni nani aliyechukua pampu ya mgongoni kutoka stoo. Chipukizi za visiki zinapaswa kukatwa na kupakwa dawa mara moja, kabla kidonda cha mti hakijakauka, na leo watu wangu walikaa chini wakisubiri pampu.

Mzee wa Moto:

Pampu ninayo mimi. Niliomba yangu ya kuzimia moto tangu msimu uliopita, nikajibiwa kwamba iko kwenye mchakato, basi nikaichukua iliyokuwepo. Tena mshukuru niliikagua kwanza, kwa sababu mlikuwa mmeacha dawa ndani yake hadi nusu, ikabidi niimwage na kuiosha. Mlitaka nikazime moto kwa sumu ya magugu?

Jembe Halilali:

Hiyo ndiyo dawa ya visiki vyote vya bondeni, Mzee. Umeimwaga wapi?